Jinsi ya kuzuia hisia zisikuharibie maamuzi ya fedha: mwongozo kamili

Wengi wanaopoteza fedha sokoni hawakukosa taarifa. Walijua kampuni ina madeni, walijua bei imeshapaa kupita kiasi, na baadhi yao walikuwa wameshasoma kila kitu kuhusu makosa ya akili ya mwekezaji. Saa ya kuamua ilipofika, moyo ukaenda mbio na kidole kikabonyeza. Kwa hiyo mwongozo huu hautegemei ujasiri wa papo kwa papo. Kazi karibu yote inafanyika mapema, ukiwa umetulia: unaandika kanuni, unaweka viwango kwa tarakimu, unapanga mambo ili siku ya taharuki kusiwe na mengi ya kuamua.

Andaa daftari moja, orodha ya mali na madeni yako yote, taarifa ya miamala ya miezi 12 iliyopita, na saa mbili au tatu za utulivu. Chagua siku ambayo soko limefungwa. Bei zikiwa zinatembea mbele ya macho yako, utaandika kanuni za siku hiyo tu.

Kinachokuvuta

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha nadharia ya matarajio, na hadi leo ndiyo inayoeleza mengi kwa maneno machache. Mtu hapimi utajiri wake wote kwa jumla. Anapima mabadiliko kutoka kwenye alama fulani aliyojiwekea kichwani, na kushuka chini ya alama hiyo kunauma kuliko kupanda kwa kiasi hichohicho kunavyofurahisha. Katika makala yao ya 1992 kipimo kilitoka takriban 2.25, yaani kupoteza 100 kunauma karibu sawa na furaha ya kupata 225. Namba hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu na kati ya jaribio na jaribio, lakini mwelekeo wake ni uleule.

Sehemu ya pili ya nadharia hiyo husahaulika, na kwa maoni yetu ndiyo yenye gharama zaidi. Mtu aliye kwenye faida huwa mwoga, anataka kuifunga haraka. Aliye kwenye hasara hugeuka mcheza kamari, yuko tayari kuhatarisha zaidi ilimradi arudi pale alipoanzia. Sokoni, "pale alipoanzia" kwa kawaida ni bei aliyonunulia. Bei hiyo ina maana kwenye hesabu za kodi. Kampuni yenyewe haiijui.

Alama hiyo inaweza kutoka popote. Katika jaribio mashuhuri la 1974, watu walizungushiwa gurudumu lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kadirio la katikati la waliotokewa na 10 lilikuwa 25. La waliotokewa na 65 lilikuwa 45. Kama gurudumu la bahati linaweza kumvuta mtu kiasi hicho, bei ya juu kabisa uliyoiona mwaka jana itakuvuta zaidi.

Hatua ya 1: Jichunguze kwa namba

Usijiulize kama una tabia ya kung'ang'ania hasara. Utajibu hapana. Hesabu.

Chukua kila siku uliyouza kitu mwaka uliopita. Kwa siku hiyo, hesabu mali zote ulizokuwa nazo zilizokuwa kwenye faida, na ngapi kati ya hizo uliuza. Fanya vivyo hivyo kwa zilizokuwa kwenye hasara. Ukijumlisha siku zote, tuseme umepata nafasi 40 za kuuza kwa faida ukazitumia 12, hiyo ni asilimia 30. Nafasi za kuuza kwa hasara zilikuwa 30 ukatumia 3, asilimia 10. Unauza vinavyopanda mara tatu zaidi ya vinavyoshuka.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu vilivyouzwa tu. Soko likiwa linapanda, mali nyingi ziko kwenye faida, hivyo hata anayeuza kwa kubahatisha tu atauza za faida nyingi. Ndiyo maana lazima ugawanye kwa nafasi zilizokuwepo. Terrance Odean alitumia njia hii kwa akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa hisa wa Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1998: waliuza asilimia 14.8 ya faida zao lakini asilimia 9.8 tu ya hasara. Zaidi ya hayo, hisa walizoziuza kwa faida zilifanya vizuri kuliko zile za hasara walizozishikilia, kwa tofauti ya asilimia 3.4 katika mwaka uliofuata. Walichofanya kilikuwa kinyume na kilichowafaa.

Namba ya pili ni mzunguko: jumla ya thamani uliyouza kwa mwaka, gawanya kwa wastani wa thamani ya uwekezaji wako. Ikitoka 2, umegeuza kila kitu mara mbili. Jumlisha ada za dalali na tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Kama kila mzunguko unakugharimu asilimia 1, umetoa asilimia 2 kabla ya kujua kama ulichagua vizuri. Brad Barber na Odean walipima kaya 66,465 kati ya 1991 na 1996. Zilizofanya biashara zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka wakati soko lilitoa 17.9. Kilichowala hasa ni gharama, na kilichowasukuma ni kujiamini kupita kiasi.

Hatua ya 2: Tenganisha fedha kwa kazi yake

Akili huweka fedha kwenye vyungu tofauti hata pale ambapo hesabu haioni tofauti. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ndiye aliyelifanya jambo hili lijulikane. Hasara yake ni rahisi kuiona: mtu ana akiba ya 1,000 inayompa riba ya asilimia 5, na papo hapo anadaiwa 1,000 kwa riba ya asilimia 24. Kila mwaka anapoteza 190 kwa sababu hataki "kugusa akiba". Lipa deni la riba kubwa kwanza. Ni nadra uwekezaji wa halali kukuhakikishia asilimia 24.

Lakini tabia hiyohiyo ukiitumia vizuri inakuwa uzio. Weka mafungu matatu, ikiwezekana katika akaunti tofauti kabisa. La kwanza ni dharura, matumizi ya miezi 3 hadi 6, lisiloingia sokoni hata kidogo. Linalinda uamuzi kuliko linavyolinda tumbo: wanaouza bei ikiwa chini kabisa mara nyingi ni wale waliohitaji fedha wiki hiyo. La pili ni fedha utakazozihitaji ndani ya miaka 5. Hizo zikae kwenye amana au hati fungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni kwa riba) za muda mfupi. La tatu ni la muda mrefu, na ndilo hatua zilizobaki zinalolihusu.

Hatua ya 3: Andika kanuni za ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja, si zaidi. Kanuni za kurasa sita hazisomwi siku ya moto.

Mgawanyo. Amua sehemu ya hisa kwa kupima kama utavumilia zikipoteza nusu ya thamani. Hisa za kampuni kubwa za Marekani, kwa kipimo cha S&P 500, zilishuka takriban asilimia 57 kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, kwa hiyo kupotea kwa nusu si hadithi ya kutishia watoto. Chukua 10,000 zenye hisa asilimia 60: 6,000 zinakuwa 3,000, jumla inabaki 7,000, na kurudi kwenye 10,000 kunahitaji ongezeko la karibu asilimia 43. Sasa andika hasara hiyo kwa fedha zako halisi na si kwa asilimia, kisha linganisha na mshahara wako wa miezi mingapi. "Asilimia 30" haiumi mtu. "Mishahara ya miezi 14" inauma, na ukishindwa kuitazama kwenye karatasi hutaiweza kwenye skrini. Punguza hisa hadi uweze.

Mipaka. Tunapendekeza: kampuni moja isizidi asilimia 5 ya fungu zima, fungu la kubahatisha (sehemu ndogo unayoitenga kwa kujaribu bahati) lisizidi asilimia 5, na likiisha lisijazwe tena hadi mwaka mwingine, mgawanyo urekebishwe pale tu unapotoka nje ya pointi 5 kutoka kwenye lengo.

Masharti ya kuuza. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tuseme umenunua hisa kwa 100, sasa ni 70. Swali la kawaida ambalo watu hujiuliza ni "itarudi lini?" Swali sahihi ni hili: ningekuwa na 70 taslimu mkononi leo, ningeinunua? Kama jibu ni hapana, kuendelea kuishika ni sawa na kuinunua upya kila asubuhi. Maji yakishamwagika hayazoleki, na zile 30 zimeshakwenda ukiuza ama usipouza.

Tatizo ni kwamba swali hilo lina mwanya. Mtu hukithamini zaidi kitu kikishakuwa chake. Katika majaribio ya vikombe yaliyochapishwa mwaka 1990, waliopewa kikombe walidai bei zaidi ya mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa kukinunua. Kwa hiyo utajiambia "ndiyo, ningeinunua" kwa sababu unayo. Ziba mwanya huo hivi: siku ya kununua, andika sababu tatu zinazopimika. "Mapato yanakua kwa asilimia 10 au zaidi kwa mwaka", "deni halizidi mara 2 ya faida ya mwaka", "gawio halijakatwa". Mbili zikivunjika, uza, hata kama bei ni 130. Zote zikisimama, shikilia hata kama ni 70.

Je, amri ya kuuza bei ikishuka hadi kiwango fulani? Inasaidia kwenye fungu la kubahatisha. Kwa muda mrefu ina kasoro mbili: ukiiweka karibu, asilimia 5 tuseme, mtikisiko wa kawaida wa wiki utakutoa, na habari mbaya zikitoka usiku, bei inaweza kufunguka ikiwa tayari chini ya kiwango chako, ukauziwa kwa bei usiyoitaka.

Kuongeza ili kushusha wastani kunastahili kanuni yake peke yake. Umenunua 10 kwa 100, unaongeza 10 kwa 70, wastani unakuwa 85, na moyo unatulia kwa sababu shimo linaonekana fupi. Kilichotokea kweli ni kwamba umeongeza dau kwenye kitu kinachokupinga. Kipige marufuku isipokuwa sababu zote tatu bado zinasimama na hujavuka kikomo cha asilimia 5.

Hatua ya 4: Yafanye yaende yenyewe

Uvivu wa binadamu ni nguvu kubwa kuliko nia. Utafiti wa Brigitte Madrian na Dennis Shea wa 2001 ulionyesha kampuni moja ya Marekani ambako wafanyakazi wapya waliojiunga na mpango wa pensheni walipanda kutoka asilimia 49 hadi 86 baada ya kuandikishwa moja kwa moja badala ya kusubiriwa wajaze fomu. Thaler na Shlomo Benartzi nao walibuni mpango ambao mchango unaongezeka kila mshahara unapopanda. Katika kampuni ya kwanza waliojiunga walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Mpango ulipangwa ili mtu asione mshahara wake ukipungua, na hapo ndipo siri ilipo.

Kwa upande wako, agiza benki ihamishe fedha siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia, kamwe si kabla. Agizo likikuta akaunti tupu unaweza kutozwa faini, utakasirika, utalifuta, na mpango mzima utakufa. Kisha jiwekee kwamba nusu ya kila nyongeza ya mshahara inaingia kwenye agizo hilo kabla hujaizoea.

Tahadhari moja: uvivu uleule unawaganda watu kwenye kiwango cha chini walichopangiwa. Katika utafiti wa Madrian na Shea, wengi walibaki kwenye mchango wa asilimia 3 na mfuko wa tahadhari kupindukia kwa sababu ndivyo fomu ilivyokuja.

Hatua ya 5: Punguza kuchungulia

Soko kubwa la hisa kama la Marekani hupanda takriban siku 53 kati ya 100, lakini karibu miaka 3 kati ya 4. Tia uchungu wa 2.25 kwenye hesabu hiyo, tukichukulia mipando na mishuko ni ya ukubwa sawa. Anayetazama kila siku: furaha 53, uchungu 47 mara 2.25, karibu 106. Anayetazama mara moja kwa mwaka: furaha 75, uchungu 25 mara 2.25, karibu 56. Soko ni lilelile, ila mmoja anaishi kwenye maumivu na mwingine analala. Mwenye maumivu ndiye atakayeuza.

Zima arifa zote za bei. Toa programu ya dalali kwenye simu, ubaki nayo kwenye kompyuta. Weka tarehe nne kwa mwaka za kutazama.

Hatua ya 6: Siku ya taharuki

Itafika. Tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha hisa za Marekani cha Dow Jones kilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Kati ya 19 Februari na 23 Machi 2020 S&P 500 ilishuka karibu asilimia 34, na kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imeshavuka kilele chake cha awali.

Fanya hivi kwa mpangilio huu. Usinunue wala kuuza kwa saa 72. Fungua ukurasa wa kanuni, usome kwa sauti. Andika sentensi moja: ni nini kimebadilika kwenye sababu zangu, mbali na bei? Kisha pima mgawanyo. Kwa mfano wetu wa 6,000 za hisa na 4,000 za hati fungani, hisa zikishuka asilimia 30 zinakuwa 4,200. Jumla ni 8,200 na hisa ni asilimia 51, nje ya uzio wa 55 hadi 65. Lengo la asilimia 60 ni 4,920, kwa hiyo uza hati fungani za 720, ununue hisa. Itakuuma. Ndiyo maana namba inakuja kutoka kwenye kanuni.

Wala usijifariji kwamba bei hurudi tu. Nasdaq, kipimo cha hisa za Marekani chenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika 5,048 Machi 2000, ikaporomoka takriban asilimia 78 hadi Oktoba 2002, na ilichukua hadi 2015 kukigusa tena kilele hicho. Hicho ni kipimo cha kundi zima la hisa. Kampuni mojamoja nyingi hazikurudi kabisa. Kurekebisha mgawanyo kunafaa kwa mifuko mipana, inayoshika hisa za kampuni nyingi. Kampuni moja inayozama, rudi kwenye sababu zako tatu.

Hatua ya 7: Siku ya shangwe ni hatari zaidi

Bei ikipanda, kupanda kwenyewe kunageuka ushahidi: waliotangulia wamepata, wanasimulia, wapya wanaingia, bei inapanda tena. Robert Shiller, mshindi mwenza wa Nobel ya uchumi ya 2013, ameeleza mzunguko huu kwa kirefu. Januari 2021 hisa ya GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, ilianza mwezi chini ya dola 20, ikagusa 483 tarehe 28, na tarehe 4 Februari ikafungwa chini ya 60. Waliofuata mkumbo siku za mwisho walinunua kutoka kwa waliotangulia.

Kabla ya kuingia kwenye kitu kinachosemwa na kila mtu, subiri siku 10 na ujibu kwa maandishi: anayeniuzia ni nani, na kwa nini ameridhika na bei hii? Tumia fungu la kubahatisha pekee. Usikope. Ukiwa na nusu mtaji wako na nusu mkopo, bei ikishuka asilimia 30 umepoteza asilimia 60 ya chako, na dalali anaweza kukuuzia kwa lazima kabla hujasema neno.

Mkumbo ndio mlango wa matapeli pia. Charles Ponzi mwaka 1920 aliahidi asilimia 50 kwa siku 45. Bernard Madoff, aliyekamatwa Desemba 2008, alikuwa mjanja zaidi: hakuahidi maajabu, alionyesha faida ya wastani isiyoyumba, na watu walimwamini kupitia watu waliowaamini. Hivyo "imemlipa rafiki yangu" si ushahidi, kwani malipo ya mwanzo ni sehemu ya utapeli. Angalia leseni mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka ya masoko, si kwenye cheti unachoonyeshwa, na ujue ni taasisi ipi huru inayotunza mali. Kama anayewekeza, anayetunza na anayetoa taarifa ni mtu mmoja, ondoka.

Hatua ya 8: Daftari la maamuzi

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari linahifadhi sababu zaidi ya kiasi. Kabla ya kila muamala andika mistari mitano: tarehe na bei, sababu tatu zinazopimika, kitakachonifanya niuze, uhakika wangu kwa asilimia, hali yangu leo (nimelala? nimetoka kushinda au kupoteza?). "Naamini itapanda" haikubaliki. "Mapato ya mwaka ujao yatazidi ya mwaka huu kwa asilimia 10, uhakika 70" inakubalika, kwa sababu inaweza kuonekana si kweli.

Ukiandika baada ya matokeo umepoteza kazi yako, maana akili hukumbuka kwamba ilijua tangu mwanzo. Baada ya maamuzi 20 uliyoyapa uhakika wa asilimia 70, yaliyotimia yawe karibu 14. Yakiwa 9, kila ukihisi 70 isome kama 45, na upunguze ukubwa wa dau. Tenganisha pia uamuzi na matokeo: ukivunja kanuni ukapata faida, andika kosa. Hilo ndilo litakalokurudia kwa kiasi kikubwa zaidi.

Kubadilisha kanuni zenyewe kunaruhusiwa, mara moja kwa mwaka, siku uliyoipanga, kwa sababu za maisha yako: kazi mpya, mtoto, kustaafu kunakokaribia, deni lililokwisha. Badiliko linaanza kutumika siku 30 baada ya kuandikwa. Ukijikuta unataka lianze leo, angalia kwanza soko limefanya nini wiki hii.